Siku Kompyuta Zinapovishwa Maua

Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba au ndani ya Oktoba, hufika siku ambayo wafanyakazi wa Bengaluru, kusini mwa India, huenda kazini lakini kazi hazifanyiki. Wanawake huja na sari za hariri na asumini kwenye nywele, wanaume huvaa kanzu fupi zilizopigwa pasi. Meza hufutwa vumbi. Kompyuta, mashine za kuchapia na hata lifti hupakwa msandali na unga mwekundu, kisha huvishwa mashada ya maua. Nje, magari ya kampuni huoshwa, hufungwa vigomba mbele, na chini ya kila gurudumu huwekwa ndimu ili gari liziponde linapoondoka. Mtu mmoja hubeba boga jeupe lililotiwa unga mwekundu na kulipasua barabarani ili mabaya yaende zake. Hiyo ndiyo Ayudha Puja, siku ya tisa ya sherehe za Dasara, siku ya kuziheshimu zana zinazompa mtu riziki yake. Fundi wa gereji huvisha maua spana zake, dereva wa bajaji huivisha bajaji, na mwandishi wa programu huivisha kompyuta aliyoilaani juma zima.

Katikati ya shughuli hiyo wapo wageni. Mhandisi wa Kijapani, meneja wa Kijerumani, mtaalamu wa hesabu kutoka Nairobi: kila mmoja hukabidhiwa shada lake na kuonyeshwa pa kuliweka. Hakuna anayemuuliza dini yake. Baadaye hupewa bisi za mchele na vitamutamu kwenye bahasha ya karatasi, kama alivyopewa mfagizi na kama alivyopewa mkurugenzi.

Anayeishi India kwa mkataba wa kazi hupokewa mara mbili. Karatasi za serikali na za mwenye nyumba humpokea kwa shingo upande. Kalenda humpokea kwa mikono miwili. Mgeni asiyelijua hili hutumia miaka yake yote akipambana na karatasi, na kila sikukuu inapofika hufunga mkoba na kuukimbia mji, asijue kwamba ameikimbia nafasi bora ya kuwajua wenyeji wake.

Karatasi zenyewe si haba. India ina vijana wengi waliosoma, na sera yake ni kwamba viza ya kazi haitolewi kwa kazi ambayo raia wanaweza kuifanya. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa mshahara: asiyelipwa angalau dola 25,000 za Marekani kwa mwaka hakupata viza hiyo, isipokuwa watu wa aina chache, wakiwemo wapishi wa vyakula vya kwao na wakalimani. Ndiyo maana wageni wa mikataba nchini humo ni watu wa viwanda na teknolojia, nao wamefuata mitaji ya kwao. Wajapani walianza kujaa Gurugram, jirani na Delhi, baada ya gari la kwanza la Maruti, lililotengenezwa kwa ubia na Suzuki, kutoka kiwandani Desemba 1983. Wakorea wako pembezoni mwa Chennai, ambako Hyundai imekuwa ikiunda magari tangu 1998. Bengaluru yenyewe ilipata kampuni yake kubwa ya kwanza ya kigeni ya teknolojia mwaka 1985, ilipofika Texas Instruments kutoka Marekani. Mgeni mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hutakiwa kujiandikisha ndani ya siku 14 tangu aingie, na ili ajiandikishe anahitaji mkataba wa nyumba.

Hapo ndipo penye kazi. Kwa desturi ya zamani ya Bengaluru, mpangaji hutoa amana ya kodi ya miezi kumi kabla ya kukabidhiwa funguo, na ingawa wapo wanaopunguza, wageni wengi huikuta desturi hiyo ikiwangoja. Kisha huja maswali. Umeoa? Unakula nyama? Mikesha je? Wenye nyumba wengi hawali nyama wala samaki, na hawataki harufu yake ipande ngazi. Mwafrika huulizwa maswali mengine zaidi, na mara nyingi huambiwa nyumba imeshapata mtu. Hili halifai kupakwa mafuta. Mwanzoni mwa 2016 kundi la watu mjini Bengaluru lilimshambulia mwanafunzi wa kike kutoka Tanzania na kuchoma gari alilokuwamo, kwa ajali iliyosababishwa na mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwa na uhusiano wowote naye ila rangi ya ngozi. Wanafunzi na wafanyakazi wa Afrika Mashariki waliopo katika mji huo wanalijua tukio hilo, na kujulikana mtaani kwa jina na kwa salamu, kwao, ni jambo la usalama.

Yuko pia mgeni asiyehesabiwa. Mlinzi wa getini katika majengo mengi ya Bengaluru, Delhi na Mumbai ni Mnepali, na mpishi wa kibanda cha tambi kilicho kando ya barabara mara nyingi ni Mnepali vilevile. Mkataba wa urafiki wa mwaka 1950 kati ya India na Nepal unamruhusu kuishi na kufanya kazi India bila viza. Hana dereva wala posho ya nyumba, hulala katika chumba kidogo nyuma ya pampu ya maji. Lakini sikukuu kubwa ya kwao, Dashain, huangukia siku zilezile za Dasara, na hapo yeye ndiye msafiri wa kwanza kuondoka: treni hadi mpakani, basi hadi milimani, mabegi yamejaa nguo za watoto. Anayeandika juu ya maisha ya wageni India bila kumtaja yeye ameacha nusu ya habari.

Sasa kalenda. Sikukuu za taifa zima ni tatu tu: Januari 26, Agosti 15 na Oktoba 2. Zilizobaki hutegemea jimbo, dini na mwezi mwandamo, na ofisi nyingi humwachia mfanyakazi achague chache kutoka katika orodha ndefu. Mgeni huiona orodha hiyo mezani na kudhani ni likizo. Majirani huiona kama mfululizo wa miadi.

Katikati ya Januari, kwenye Makara Sankranti, watoto waliovaa nguo mpya hugonga mlango wakiwa na vifurushi vya ufuta, karanga, nazi kavu na sukari guru. Hutoa kifurushi na kuomba kwamba anayekila aseme mema mwaka mzima. Mwezi Machi au Aprili hufika Ugadi, mwaka mpya wa watu wa majimbo ya Karnataka, Andhra na Telangana. Siku hiyo chakula cha kwanza ni mwarobaini. Maua yake au majani machanga huchanganywa na sukari guru, na kila mtu nyumbani, pamoja na mgeni aliyekaribishwa, hula kijiko kimoja cha uchungu na utamu kwa pamoja, kwa kuwa mwaka unaokuja utakuwa na vyote viwili. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyenyweshwa mwarobaini kwa homa tangu utotoni na anayeujua mti huo kuwa ulitoka Bara Hindi, hukunja uso kwa namna wanayoitambua wenyeji, na vicheko hufuata.

Ramadhani nayo ina mahali pake. Mtaa wa Frazer Town mjini Bengaluru, kando ya Mosque Road, umejulikana kwa miaka mingi kwa halimu, sambusa na nyama choma za wakati wa magharibi, na waliofunga na wasiofunga husukumana mbele ya mikaango ileile. Agosti au Septemba ni zamu ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo. Sherehe yake ilikuwa ya nyumbani zaidi hadi Bal Gangadhar Tilak alipoitoa barabarani huko Pune mwaka 1893 ili kuwakusanya watu dhidi ya utawala wa Waingereza. Siku hizi vijana wa mtaa hupita mlango kwa mlango na kitabu cha risiti wakichangisha. Mgeni mwenye busara hutoa mchango na kudai risiti yake, kwa sababu jina lililoandikwa mle huwa limeingia mtaani. Ngoma zitamnyima usingizi, ni kweli. Zinawanyima usingizi wote.

Hoja ya kusafiri ni nzito pia, na haifai kubezwa. Nani aishi saa chache kutoka Hampi, magofu ya mji mkuu wa dola ya Vijayanagara, asiende? Lakini likizo za sikukuu ndizo siku ambazo India yote iko njiani. Reli iliyoanza Aprili 16, 1853 kwa safari ya kilomita 34 kati ya Bombay na Thane leo ndiyo inayowarudisha mamilioni kwao. Tangu Novemba 2024 tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, badala ya 120 za zamani, na zile za kwenda jimbo la Bihar wakati wa sikukuu ya Chhath huisha ndani ya dakika chache. Aliyekosa hubaki kwenye orodha ya kungoja. Mwenye nusu bahati hupewa kiti cha pamoja, ambapo abiria wawili hugawana kitanda kimoja cha pembeni hadi mmoja apate nafasi. Wa mwisho hujaribu tiketi za dharura zinazofunguliwa siku moja kabla, saa nne asubuhi kwa mabehewa yenye viyoyozi, wakiwa na vidole juu ya simu.

Mgeni hulipa zaidi akifika pia. Huko Hampi Mhindi hulipa rupia 40 na mgeni 600. Taj Mahal, inayofungwa kila Ijumaa, humtoza mgeni rupia 1,100. Baadhi ya mahekalu makubwa, kama la Jagannath mjini Puri na la Padmanabhaswamy mjini Thiruvananthapuram, hayamruhusu asiye Mhindu kuingia kabisa. Wengine hulalamika. Kulalamika huko hakuna msingi: mtu anayelipwa kwa kipimo cha viza ya kazi anaweza kuchangia matunzo ya mawe ya Hampi, na mwenye hekalu ana haki ya mlango wake.

Mysuru ni safari ambayo hata wenyeji huifanya. Mji huo uko kilomita 145 hivi kutoka Bengaluru, na Dasara yake huhusishwa na wafalme wa Wodeyar walioiadhimisha mjini Srirangapatna mwaka 1610. Usiku, kasri huwashwa taa karibu 100,000 kwa mpigo mmoja, na umati hushusha pumzi kwa sauti. Siku ya kumi tembo hubeba kiti cha dhahabu chenye uzito wa kilo 750 hivi, ambacho zamani alikaa mfalme na sasa hukaa sanamu ya mungu wa kike Chamundeshwari. Mgeni husimama juani saa nyingi kungoja maandamano hayo, akiwa amebanwa kati ya familia ambazo hazijui Kiingereza lakini zimeshampa maji, ndizi na mtoto wa kumpakata.

Kisha Deepavali, sikukuu ya taa, na pesa. Sheria ya mwaka 1965 iliwapa wafanyakazi wengi wa kampuni haki ya bonasi isiyopungua asilimia 8.33 ya mshahara wa mwaka, yaani kama mwezi wa kumi na tatu, na desturi imeipeleka bonasi hiyo hadi jikoni. Dada wa kazi, dereva na mlinzi hutarajia mshahara wa mwezi mmoja wa ziada, au sehemu yake nzuri, pamoja na boksi la vitamutamu. Hawaombi, na mgeni asiyeambiwa na jirani hupitiwa, akashangaa kwa nini nyumba imenuna. Kwa fataki, Mahakama ya Juu ya India iliweka mwaka 2018 muda wa saa mbili, kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne. Mitaa mingi husikia milipuko nje ya saa hizo.

Safari iliyo bora kuliko zote haimo katika kitabu chochote cha watalii, kwa kuwa huanza na mwenzako wa ofisini kusema, twende kwetu. Kwa wengi wa Bengaluru maneno hayo huja karibu na Onam, sikukuu ya mavuno ya jimbo la Kerala, inayoadhimishwa na Wahindu, Wakristo na Waislamu wa huko kwa kumkumbuka mfalme Mahabali, ambaye husemwa hurudi mara moja kwa mwaka kuwaangalia watu wake. Mgeni hupanda treni ya usiku, huamka katika minazi na maji, huvua viatu kizingitini, na hukalishwa mbele ya jani la mgomba. Ncha ya jani huelekea kushoto. Wali, dengu, maboga ya tui la nazi, achari, ndizi za kukaanga na payasamu tamu hupangwa kila kimoja mahali pake, vyakula ishirini na zaidi, na huliwa kwa mkono wa kulia. Mama mwenye nyumba hupita na ndoo akiongeza kabla hajaambiwa. Ukishiba, jani hukunjwa kuelekea kwako. Wengi hulikunja upande wa nje msibani tu, na mgeni anayekosea hurekebishwa haraka na mtoto wa miaka saba.

Jumatatu hurudi ofisini na mfuko wa krispi za ndizi. Na kwa kuwa vyama vya Wamalayali, yaani watu wa Kerala, walioko Bengaluru huendelea kuandaa Onam zao Jumapili hadi Jumapili kwa majuma kadhaa baada ya siku yenyewe, kadi ya mwaliko wa karamu nyingine huwa tayari iko mezani kwake.