Batri ya asidi ao ya lithiamu: ni ipi inafaa kwa nyumba inayotumia jua?

Katika mitaa mingi ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, plake ya jua ndiyo inawasha taa na kuchaji simu. Lakini lalamiko ni lile lile: batri ilinunuliwa mwaka jana, na leo inazimika mbele ya saa mbili za usiku. Watu wanasema ilikuwa ya uongo. Wakati fulani ni kweli, lakini batri nzuri pia inakufa haraka kama haikuchaguliwa kufuatana na kazi yake.

Kwenye maduka kuna aina mbili. Batri ya asidi iko na vibao vya risasi ndani. Kuna ile ya kuongeza maji na kuna ile iliyofungwa. Batri ya lithiamu inayofaa nyumba ni ile yenye alama LiFePO4, kwa sababu inavumilia joto kuliko lithiamu ya simu.

Tuchukue batri ya volti 12 na ampea 100. Kwa hesabu, inabeba wati-saa 1200. Ile ya asidi haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo mwenyeji anatumia kama 600 tu. Ile ya lithiamu inaweza kutoa karibu 1000 bila kuumia. Ya asidi inavumilia mizunguko 300 mpaka 500 hivi ya kujaa na kushuka nusu. Ya lithiamu iliyotengenezwa vizuri inapita 2000.

Adui mkubwa wa batri ya asidi ni kukaa bila kujaa. Wakati wa mvua, mawingu yanafunika jua siku nyingi, na chumvi nyeupe inashika kwenye vibao. Ikikaa muda mrefu, haitoki tena. Ndiyo maana plake ndogo ya wati 50 juu ya batri kubwa ni hasara: batri haijai hata siku moja. Lithiamu haina shida ya kukaa nusu.

Kuna pia uzito. Ya asidi inafika kilo 28 hivi, ya lithiamu kilo 12 hivi. Kwa familia ambayo inaweza kulazimika kuhama usiku, tofauti hiyo si ndogo: moja inabebwa kwa mkono mmoja, ingine inaachwa nyuma.

Shida ya lithiamu ni bei ya kuanzia. Tuseme ya asidi ni dola 100 na inadumu miaka 2, na ya lithiamu ni dola 250 na inadumu miaka 8. Kwa miaka 8, mwenye asidi atatoa dola 400. Lakini asiye na dola 250 leo hawezi kungojea miaka 8 gizani. Kwake, ya asidi ni chaguo la haki, mradi ailinde: plake ya kutosha, maji safi yasiyo na madini, na kuzima televisheni mbele batri haijafika nusu. Batri ya gari ni jambo lingine: ilitengenezwa kwa kuwasha motere kwa nguvu ya muda mfupi, si kwa kuwasha taa usiku kucha.

Mbele ya kununua, mtu aandike mahitaji yake. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Simu na redio, 40. Jumla 300: batri ya asidi ya ampea 100 inatosha, pamoja na plake ya wati 100. Anayechaji simu za watu ao anayeendesha friji, afikirie lithiamu.

Dukani, batri ya asidi yenye uzito mdogo sana ni ya kutiliwa mashaka. Kwa lithiamu, muuzaji aonyeshe kama iko na kadi ya ulinzi ndani, na kama regilateri ya nyumbani inaweza kupangwa kwa lithiamu.

Batri ya asidi inapochaji inatoa hewa inayoweza kulipuka: isiwekwe katika chumba cha kulala wala karibu na makala yanayowaka. Na ikiisha kufa, watoto wasiipasue. Risasi ni sumu inayoharibu akili yao, na haina dawa ya kuirudisha.