Usimzike Kobe Mapema

Kobe aliyegongwa na bodaboda kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Mchuchuma, kusini mwa Tanzania, anaweza kulala kimya, shingo imelegea, ukimgusa hatikisiki. Wapita njia humwita mzoga. Mimi kama daktari wa wanyama nasema subiri. Mwili wa kobe huenda polepole mno: moyo hupiga kwa nafasi, pumzi huchelewa, na ubongo huvumilia kukosa oksijeni kwa muda ambao ungemuua mbwa. Mguse taratibu pembeni mwa jicho, kisha mfinye mkia. Akijikunja hata kidogo, yu hai. Asipojikunja, mweke kivulini hadi kesho yake kabla hujakata tamaa.

Gamba si mzigo aliojitwika. Ni mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana, vyenye damu na mishipa ya fahamu, vikafunikwa juu na utando mgumu kama kucha. Likipasuka, kobe amevunjika mfupa na anaumia. Mapafu yako chini tu ya gamba la mgongoni. Ndiyo maana mwenye ufa hapo hatumbukizwi majini, wala halazwi chali, kwani matumbo yatayakandamiza mapafu. Safisha kidonda kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa kitambaa safi inzi wasitage, mtie kwenye boksi lenye matundu ya hewa. Usizibe ufa kwa gundi wala saruji. Wanaofanya hivyo wana huruma, lakini nje gamba hupendeza huku usaha ukimla ndani.

Kwa wavuvi wa Manda, kule mto Ruhuhu unakomwaga maji Ziwa Nyasa, hatari kwa kobe wa majini ni nyavu. Wanaweza kuiga utaratibu unaotumika kwa kasa wa baharini aliyekunywa maji: kumlaza kifudifudi, kuinua sehemu ya nyuma kiasi cha shubiri moja ili maji yatoke mapafuni, kumfunika kwa kitambaa kibichi na kumwangalia hata saa 24. Akirudishwa majini akiwa bado amezimia, atazama.

Huko Watamu, pwani ya Kenya, shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997, hupigiwa simu na wavuvi kasa anaponaswa, na majeruhi hupelekwa kwenye kituo chake cha matibabu. Wengine hufika wakielea: wamemeza plastiki, utumbo umeziba, gesi imejaa, hawawezi kuzamia kutafuta chakula. Kasa wa namna hii huhitaji wiki, wengine miezi, hadi watoe uchafu, wale na kuzamia wenyewe.

Gamba la kobe nalo huunga kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka. Muda huo haufai kuwa wa kumfuga uani: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka kibali, kwa hiyo mpigie afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo. Mwambie hasa ulipomwokota, kwa sababu akipona atarudishwa palepale, anapojua maji, malisho na maficho yake.