Betri ya Nyumba, Kiu ya Gari

"Hii, kaka, inachaji mpaka gari."

Muuzaji wa Kariakoo aliyeniambia hivyo hakudanganya. Kisanduku alichokuwa akikipigapiga kwa kiganja kilikuwa moduli ya betri ya lithiamu, volti 51.2, ampea-saa 100. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata uniti (kilowati-saa) 5.12 ikijaa. Tuseme unaitumia kwa asilimia 90 ili isikauke, na kiasi kingine kinapotea kwenye inveta na kwenye chaja ya gari lenyewe. Zinazofika kwenye matairi hazifiki uniti nne. Nissan Leaf, ambalo kwa mwendo wa kawaida hula uniti 17 hivi kwa kilomita 100, litakutoa Posta mpaka Kimara na kukuachia chenji ya kilomita tano au sita. Ukifika nyumbani, feni hazizunguki, kwa sababu betri yote umeiendesha barabarani.

Siku hizi mifumo hii inauzwa kama kifurushi kimoja: paneli, inveta, moduli unazoongeza kadiri mfuko unavyoruhusu, na chaja ya gari pembeni. Kabla ya kulipia kifurushi, kitenganishe. Usiku wa nyumba una hesabu yake, na gari lina hesabu yake. Hapa nazipiga kwa mkazi wa Dar es Salaam anayelipa LUKU. Bei za betri nilizotumia ni za mfano. Futa, weka za duka lako.

Usiku mmoja unakula kiasi gani?

Chukua nyumba ya vyumba vitatu, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Friji ya kawaida hutumia kama uniti 0.6. Feni nne za wati 60 zikizunguka saa nane zinakula 1.9. Taa nane za LED, saa tano, hazifiki 0.4. Televisheni saa nne, 0.4. Ruta ya intaneti, 0.1. Jumla ni uniti 3.4, na moduli moja inakufikisha alfajiri ikiwa na akiba.

Washa kiyoyozi kimoja chumbani saa nane, ongeza uniti tano au sita. Hapo moduli moja haitoshi, zinahitajika angalau mbili. Pasi, jagi la umeme na hita ya maji usiviweke kabisa upande wa betri. Havitumiki muda mrefu, lakini kila kimoja kinaweza kuvuta kilowati mbili kwa mkupuo, na huko ndiko inveta nyingi zinakozimikia.

Basi swali la kwanza dukani liwe uniti, la pili liwe ampea. Moduli mbili zinaweza kuwa na uniti 5.12 zote, moja ikiruhusu ampea 50 za kutoa mfululizo na nyingine 100. Ya kwanza haivuki kilowati 2.5 hata ukiifunga kwenye inveta ya kilowati 5. Namba hiyo ya ampea imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha ubavuni. Inama usome.

Jeli au lithiamu?

Betri ya jeli ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uniti 2.4, lakini ukitaka iishi, tumia nusu tu: 1.2. Kwa matumizi hayo, hesabu mizunguko 600 ya kujaza na kutumia. Kwa bei ya mfano ya shilingi 700,000, kila uniti itakayotoka humo maishani mwake inakugharimu takriban shilingi 970. Moduli ya lithiamu ya shilingi milioni 4, yenye uniti 4.6 za kutumika na mizunguko 4,000, inatoa kila uniti kwa shilingi 217. Makaratasi mengi ya watengenezaji yanaahidi mizunguko 6,000. Mimi nimepunguza, maana joto la Dar halikuandikwa kwenye karatasi.

Hiyo ni hesabu ya anayetumia betri kila usiku, mwenye sola. Kwa anayetaka kinga ya umeme kukatika tu, mizunguko haina maana kubwa, kwa sababu betri yake itazeeka kabla haijachoka. Na jeli huzeeka haraka kwenye joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hukatika karibu nusu. Stoo iliyo chini ya bati ni kaburi lake.

Kwa mtu huyo wa kinga, linganisha na jenereta. Moduli ya milioni 4 ikidumu miaka 10 ni kama shilingi 1,100 kwa siku, yaani 7,700 kwa wiki. Jenereta dogo hunywa nusu lita mpaka lita moja kwa saa. Petroli ikiwa karibu na shilingi 3,000, umeme ukikatika saa nne kwa wiki unachoma kati ya 6,000 na 12,000. Zinalingana, ukiacha kelele na bei ya jenereta lenyewe. Wakati wa mgao wa 2023 na mwanzoni mwa 2024, betri ilishinda bila ubishi. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuingia kwenye gridi Februari 2024, hesabu yako inategemea mtaa: kwa wengine tatizo ni nguzo na transfoma, na hayo bwawa haliyatibu. Kabla ya kununua, andika kwenye kalenda saa za giza za miezi mitatu. Kalenda hiyo ina thamani kuliko brosha yoyote.

Gari lichajiwe wapi?

Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO aliye kwenye kundi la bei la T1, uniti ni shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inakuwa takriban 356. Ndiyo ile hesabu tuliyoizoea ya elfu moja kupata uniti 2.8. Bei ni hiyo hiyo saa sita mchana na saa nane usiku.

Hapo ndipo faida moja kubwa inayotangazwa kwenye video za Ulaya na Australia inapoyeyuka. Huko watu hujaza betri usiku umeme ukiwa rahisi, wakautumia jioni ukiwa ghali. Kwa LUKU hakuna rahisi wala ghali. Ukipitisha umeme wa gridi kwenye betri ya nyumba kabla ya kuupeleka kwenye gari, unalipia safari ya ziada.

Kwa kilomita 100, Leaf inavuta ukutani kama uniti 19, ukihesabu upotevu wa kuchaji. Linganisha:

– LUKU moja kwa moja kwenye gari: shilingi 6,800 hivi.
– LUKU kupitia betri ya nyumba: uniti inapanda hadi 395 kwa upotevu, ongeza 217 za uchakavu wa betri, jumla 612. Kilomita 100 ni shilingi 11,600.
– Gari la petroli linalokula lita 8: shilingi 24,000.

Kwa kilomita 1,000 za mwezi, ni 68,000, 116,000 na 240,000. Gari la umeme linakuokolea pesa kwa njia zote mbili, lakini ile ya kati inakunyang'anya 48,000 kila mwezi bila kukupa kitu.

Kenya, ambako mdhibiti wa nishati EPRA aliweka mwaka 2023 bei ya vyombo vya usafiri vya umeme ya shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo, mwenye gari ana sababu ya kusubiri usiku. Hata yeye analisubirisha gari tu. Betri ya gari ndiyo ghala, haihitaji ghala la pili ukutani.

Vipi jua? Paneli sita za wati 550 zinaweza kukupa uniti 13 kwa siku nzuri Dar, na mwendo wa kilomita 40 kwa siku unahitaji chini ya 8. Kwenye karatasi zinatosha na kubaki. Lakini jua likiwa kichwani, gari lako liko kwenye maegesho ya ofisi Posta. Anayefanyia kazi nyumbani, mstaafu, au mwenye magari mawili yanayopokezana, huyo achaji mchana moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Mwingine achaji Jumamosi na Jumapili, siku nyingine avute LUKU.

Kando kwa kando au kubebana

Moduli zinafungwa kwa namna mbili. Za volti 48 au 51.2 hufungwa sambamba kwenye kabati: unaanza na moja, mwakani unaongeza. Moja ikiharibika unaitoa, nyingine zinaendelea. Ubaya wake ni ampea: kilowati 5 kwa volti 51 ni kama ampea 100, hivyo nyaya zinakuwa nene na kila kifungo lazima kikazwe kwa kipimo.

Za volti kubwa hupandana kama ghorofa, zikiunganishwa mfululizo hadi mamia ya volti. Ampea ni ndogo na upotevu ni mdogo, ila zinahitaji inveta yake maalumu, mara nyingi zina idadi ya chini ya moduli za kuanzia, na moduli iliyochoka huzirudisha nyuma nyingine zote. Kwa nyumba ya umeme wa fezi moja inayokua taratibu, ningechagua kabati. Ghorofa naliacha kwa nyumba kubwa yenye fezi tatu na fundi aliyezoea volti hizo, maana haziachi nafasi ya kujifunza kwa kosa.

Kwa zote mbili, uliza kama modeli hiyo itaendelea kuuzwa. "Utaongeza baadaye" ni ahadi ya muuzaji wa leo. Moduli mpya inapaswa kuwa ya aina moja na ya zamani, na zisawazishwe volti kabla ya kuunganishwa.

Ipo pia mifumo iliyojengewa chaja ya gari ya umeme mnyoofu (DC) ndani yake, kama SigenStor ya Sigenergy. Inapeleka umeme wa paneli na betri kwenye gari bila kuugeuza mara mbili. Ni kazi safi. Ila soma sehemu inayofuata kwanza.

Plagi kabla ya chaja

Magari yetu mengi yaliyotumika hutoka Japani. Leaf ya Japani ina tundu la CHAdeMO kwa chaja ya haraka na Type 1 kwa chaja ya kawaida. Chaja nyingi za ukutani zina Type 2, na zile za umeme mnyoofu zina CCS2. Gari lililotengenezwa kwa soko la China linakuja na GB/T. Unaweza kulipa mamilioni ya chaja isiyoingia kwenye gari lako.

Jambo la pili ni kasi. Chaja ya ampea 32 kwa fezi moja hutoa kilowati 7.4, lakini chaja iliyo ndani ya gari ndiyo inayoamua. Leaf yenye chaja ya ndani ya kilowati 3 itapokea 3 tu. Kwa kilomita 40 za siku hiyo inatosha: saa mbili na nusu hivi, ukiwa umelala.

La tatu mafundi wengi hulisahau: chaja ifungwe upande wa gridi, isiwe upande wa dharura wa inveta. Ikifungwa upande wa dharura, usiku umeme ukikatika gari litaendelea kunyonya betri ya nyumba mpaka inveta izime. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na chaja iwe na waya wake, kikata umeme chake na waya wa ardhi uliopimwa.

Mwenye bajaji ahesabu mara mbili

Kwa bajaji ya umeme yenye betri ya uniti 7, kuchaji usiku ni kama uniti 8, zaidi ya 200 kwa mwezi. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la D1, lile la uniti 75 za mwezi kwa shilingi 9,150, utazivuka wiki ya pili na kuhamishwa T1. Uniti zako 75 za taa na friji, zilizokuwa 9,150, zitakuwa kama 26,700. Hiyo 17,500 ya ziada iingie kwenye gharama ya bajaji kabla hujalinganisha na petroli. Bado umeme utashinda, lakini si kwa kiasi alichokutajia wakala wa bajaji.

Nilivyoamua

Mimi sina sola bado, na mtaani kwetu kalenda ilionyesha saa tano za giza kwa wiki. Nilichukua moduli moja ya ampea 100, inveta ya kilowati 5, na kabati lenye nafasi ya moduli nne. Chaja ya gari niliifunga upande wa gridi. Kama gari lako linaweza kutoa umeme, kama BYD Atto 3 inayotoa takriban kilowati 3 kupitia kebo yake, hata hiyo moduli ifikirie upya: gari la uniti 60 likiwa uani lina umeme wa moduli 12 hivi, na friji na feni haziulizi umeme umetoka wapi.

Nilipokuwa nalipa, muuzaji aliuliza mbona sichukui mbili, gari je? Nikamwambia gari litakula LUKU, kama sisi wengine.