Akija Mwanafunzi Kuuliza Nyimbo Zenu

Huenda siku moja kijana wa chuo akafika kijijini kwenu, iwe upande wa Musoma, Bunda au Butiama, ana daftari na simu ya kunasia sauti. Atasema walimu wake wamemtuma ajifunze nyimbo za wazee: zaimbwaje, na zaweza kuandikwaje. Wengine watamcheka, wengine watadhani amekuja kuiba. Yafaa basi tujue mapema kazi yake ni nini, nasi tumpokeeje.

Kuandika sauti si jambo geni. Karibu na mwaka 1025, mmonaki Guido wa Arezzo, katika Italia, aliona taabu ya waimbaji waliojifunza kila wimbo kwa kusikia tu, miaka mingi. Akatwaa utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake sita ya kwanza huanza kila mmoja kwa sauti ya juu kidogo kuliko uliotangulia. Silabi za mwanzo wa mistari hiyo zikawa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye, katika karne ya 19, John Curwen wa Uingereza, akifuata kazi ya mwalimu Sarah Glover, alieneza uandishi wa herufi tupu: d, r, m, f, s, l, t. Ndiyo solfa ambayo wanakwaya wengi huiona ubaoni. Kwa solfa hiyo Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake twaiimba leo katika Mungu Ibariki Afrika. Sontonga alikufa mwaka 1905, lakini wimbo wake haukuzikwa naye. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, karatasi haibebi yote. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane, na mpigaji huzikaza kwa kufuata sikio lake, si kwa kufuata kinanda. Sauti nyingine zaweza kuangukia kati ya mi na fa, mahali ambapo solfa haina herufi. Tena Kikurya ni lugha ambayo maneno yake hupanda na kushuka. Ukilipandisha neno mahali pa kulishusha, msikilizaji aweza kupotewa na maana. Na je, ni herufi gani itakayoonyesha mguu unavyopiga chini, au watu wanavyojua wakati wa kuitikia? Kwa hiyo mwanafunzi asinase sauti tu akaenda zake. Na aketi, ashike chombo, akosee, mzee amsahihishe.

Jirani zetu wa Uganda wanao mfano mzuri. Gerhard Kubik wa Austria alipofika huko mwaka 1959, alijifunza kupiga amadinda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka. Kwa kuwa ngoma hizo za Baganda hutumia sauti tano, ziliandikwa kwa namba, 1 mpaka 5, wala si kwa nota za Ulaya. Mwaka 1966 ikulu iliposhambuliwa, wapigaji wake walitawanyika. Zile namba zilibaki.

Sasa, kijana akija kwenu, fanyeni hivi. Kwanza, mwombeni barua ya chuo, naye apite kwa serikali ya kijiji. Pili, msimpe wimbo mtupu: mwelezeni waimbwa lini, na nani, na kwa sababu gani. Wimbo usioruhusiwa kutoka nje, kama baadhi ya nyimbo za jando, wazee wana haki kuukataa. Tatu, mketisheni mtoto wa nyumba hiyo karibu naye, ajifunze pamoja. Ni aibu mgeni kujua wimbo wa babu, na mjukuu asiujue.

Nne, naye aache nakala, ya maandishi na ya sauti, shuleni au ofisi ya parokia, yenye jina la mwimbaji na la kijiji. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa nyimbo nyingi za Tanganyika. Zimehifadhiwa vizuri, lakini ziko Makhanda, mji ulioitwa zamani Grahamstown, Afrika Kusini. Mtoto wa Bunda atafikaje huko? Tena jueni kwamba Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi.

Wala msingoje mpaka mwanafunzi aje. Wanakwaya mnaojua solfa, mnao ujuzi tayari. Jumapili hii, baada ya mazoezi, nendeni kwa bibi mmoja mwenye nyimbo nyingi. Andikeni mmoja, mwimbieni, naye awaambie mlipokosea.