Aliyenunua Nyumba Mpya Akakuta Gharama Asizoambiwa



Tunaulizwa sana hapa Mwanza, khasa na walionunua nyumba mpya Buhongwa, Kisesa na kando ya ziwa. Mtu kalipa, kakabidhiwa ufunguo, kisha akakuta karo la choo linafurika kwa kuwa wachimbaji waliishia kwenye mwamba, au kodi ya pango la ardhi inadaiwa ya miaka kadhaa. Nani alipe?

Kuvuta maji na umeme, ikiwa mnunuzi aliona wazi kuwa havipo, ni juu yake. Deni la pango la kabla ya mauzo ni la muuzaji. Ama karo bovu, hiyo ni kasoro (ayb), kwani inapunguza thamani ya nyumba na kwa kawaida nyumba mpya haitazamiwi kuwa nayo. Vivyo hivyo nyumba iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa, ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira. Kuta zinaweza kuwa imara, lakini aliyeuza akanyamaza ameficha kasoro.

Wauzaji hujikinga kwa kusema, "Nimekuuzia kama ilivyo." Kwa kauli yenye nguvu aliyoitaja Imamu Nawawi katika Minhaj, sharti hilo humwokoa muuzaji kwa mnyama tu, tena katika kasoro ya ndani asiyoijua, kwa kuwa maradhi ya mnyama hujificha. Nyumba haimo.

Mnunuzi naye asilale. Khiyari ya kurudisha, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni ya papo hapo. Akigundua akiwa katika swala au anakula, amalize. Ikiwa usiku, angoje asubuhi. Zaidi ya hapo, akiendelea kukaa humo, haki yake imeanguka. Wala hawezi kubaki na nyumba na kumlazimisha muuzaji apunguze bei. Hilo ni la kuridhiana. Wengi hutujia wakiwa wameshapaka rangi na kupangisha vyumba.

Hata hivyo, wanazuoni wetu humkubalia mtu wa kawaida adai kwamba hakujua kuwa kuchelewa kunaondoa haki, maana jambo hili hufichikana kwa watu wengi. Imamu anayeletewa kesi na amuulize hilo kabla ya kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Msomaji wa makala hii, bila shaka, hana tena udhuru huo.

Wallahu a'alam.