Epoksi: Kina cha Kalibu Ndicho Kinachoamua

Karne ya 19, Zanzibar iliuza Ulaya na Marekani shehena za sandarusi, utomvu uliochimbwa ardhini katika mwambao wa Mrima na kutumika kutengenezea vanishi. Baadhi ya vipande vilikuwa na wadudu walionaswa ndani yake. Leo mafundi wa mapambo hufungia maua, magamba ya kome na picha ndani ya utomvu wa kiwandani, epoksi, wakapata vidani, trei na vishikio vya funguo. Sandarusi ilihitaji miaka mingi ardhini ili ikauke na kuwa ngumu. Epoksi huganda kwa saa au siku chache, kwa kuwa kemikali mbili, resini na kigandishi, hushikana na kutoa joto.

Hasara nyingi za kazi hii hutokana na joto hilo.

Kemia ya epoksi iliendelezwa miaka ya 1930 na 1940 na Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani. Mwaka 1946 kampuni ya Ciba ilileta gundi ya Araldite, ambayo leo huuzwa kwa mirija miwili katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Lakini gundi si ya kusubu, yaani kumiminwa kwenye kalibu. Ni nzito, na aina zake za haraka huganda kwa dakika chache tu.

Epoksi ya kazi za mapambo huja kwa namna mbili kubwa. Ya kupakia juu ya meza ni nzito kiasi na huganda upesi. Kwa kawaida humiminwa tabaka la milimita chache. Ya kusubu ni nyepesi, hupenya kwenye pembe za kalibu, huachia viputo kwa urahisi na huganda polepole. Zipo zinazokubali kina cha sentimita 5 kwa mara moja. Wanunuzi wengi huuliza bei na ung'avu. Swali la kwanza lingekuwa hili: kalibu yangu ina kina gani?

Sababu ni kwamba epoksi iliyorundikana haipozi. Nusu kilo ikitandazwa kwenye trei pana hupoteza joto lake hewani. Ikiachwa ndani ya kopo ilimochanganyiwa, hujipasha yenyewe, na kadiri inavyopata moto ndivyo inavyozidi kuganda upesi, mpaka ifuke moshi, ipasuke na pengine kuyeyusha kopo. Kalibu nene iliyojazwa epoksi ya mezani hupata msiba huohuo.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Dakika zilizoandikwa kwenye chupa aghalabu zimepimwa kwenye nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Kwa makadirio ya mafundi, joto likipanda nyuzi 10, muda wa kazi hupungua karibu nusu. Kwa hiyo Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, dakika 40 za kwenye chupa zinaweza kubaki 20 na kitu. Kumimina alfajiri, au katika chumba chenye kiyoyozi, si anasa. Unyevu wa pwani huweza pia kuacha utando wa nta juu ya kazi. Utando huo huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kupiga msasa.

Kipimo hakina huruma. Mafundi wa mashua na matangi ya faiba, wanaotumia resini ya polista, wamezoea kuongeza matone ya kichocheo ili kazi iwahi. Kwenye epoksi, kigandishi ni sehemu ya kitu chenyewe; kikizidi au kikipungua, kazi hubaki laini na yenye kunata. Tena resini ni nzito kuliko kigandishi: mililita 100 za resini hukaribia gramu 115, ilhali za kigandishi huwa pungufu. Chupa ikisema moja kwa moja kwa ujazo, anayepima kwa mizani gramu sawa kwa sawa amekosea.

Koroga taratibu dakika 3 hadi 5 ukikwangua kingo na chini ya kopo, kisha hamishia kwenye kopo safi na ukoroge tena, kwa kuwa resini isiyochanganyika hubaki kwenye kuta za kopo la kwanza. Mimina kwa mkondo mwembamba. Kalibu ya silikoni ndiyo bora: epoksi haiishiki, na uso wake ukiwa wa kung'aa, kazi hutoka inang'aa. Maua yawe makavu kabisa, la sivyo yatageuka rangi ya kahawia humo ndani.

Ngozi ilindwe kwa dhati. Mtu anaweza kugusa epoksi miezi mingi bila dhara, kisha mwili ukaanza kuikataa kwa vipele na mwasho, na mzio huo kwa kawaida haumtoki tena maisha yake yote. Vaa glavu za nitraili, fungua madirisha, na vaa barakoa ya vumbi unapopiga msasa. Epoksi ikidondokea mkononi, tumia sabuni na maji; tina ya rangi huiyeyusha na kuipenyeza zaidi kwenye ngozi.

Kazi huweza kutolewa kwenye kalibu baada ya siku moja hadi tatu, ila ugumu kamili huchukua takriban wiki. Hata hapo, epoksi ya kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60, hivyo kikombe cha chai ya moto huacha alama ya duara kwenye kitako cha kuwekea kikombe kilichosubiwa kwayo. Anayeuza vitako vya vikombe amweleze mnunuzi mapema, au atumie epoksi iliyoandikwa kuwa inahimili joto kubwa zaidi.