Hatari Haifi, Huhama: Waweka Hazina wa Makampuni na Bei ya Mafuta ya Kupima

Mama anunuaye mafuta ya kupikia ya kupima kibandani Kambi Muru, ndani ya Kibera, au mwenzake wa Kawangware apimiwaye unga wa ngano kwa kadiri ya sarafu alizo nazo siku hiyo, aghalabu hajui kwamba bei anayotajiwa ilianza kuamuliwa miezi kadhaa nyuma, katika afisi ya ghorofani ambayo hajapata kuiona, na mtu ambaye kazi yake si kusafisha mafuta wala kusaga ngano, bali kulinda fedha za kampuni zisiliwe na mageuzi ya dunia. Mtu huyo ni mweka hazina. Mafuta mabichi ya mawese huletwa kutoka Malaysia na Indonesia, na ngano tuilayo Kenya sehemu yake kubwa hutoka ng'ambo. Vyote hulipiwa kwa dola, ilhali mnunuzi wa Kambi Muru hulipa kwa shilingi. Na katika pengo lililoko baina ya sarafu hizo mbili ndimo ilalamo hatari.

Mweka hazina si mhasibu. Mhasibu huandika yaliyokwisha kupita. Mweka hazina hutazama yajayo, akauliza ni fedha ngapi zitaingia na ngapi zitatoka, kwa sarafu gani, siku gani, kupitia benki gani, na je, mdeni aliyeahidi kulipa atatimiza ahadi yake. Hatari azikabilizo ni za namna nne: kubadilika kwa thamani ya sarafu, kupanda na kushuka kwa riba, kuyumba kwa bei ya bidhaa kama petroli na ngano, na kukauka kwa fedha taslimu. Hii ya mwisho ndiyo iuayo upesi, kwani kampuni yaweza kuwa na faida tele daftarini, ikafa kwa kukosa fedha za mishahara ya mwezi mmoja.

Wala taabu hii haikuanza jana. Kabla ya vita vikuu vya kwanza, rupia iliyotumika katika Afrika ya Mashariki ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Kiingereza, yaani rupia kumi na tano kwa pauni. Baada ya vita bei ya fedha nyeupe ilipanda, rupia, iliyokuwa ya fedha hiyo, ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ikaikaza kwa shilingi mbili. Mwenye shamba aliyekopa rupia 15,000, ambazo zamani zilikuwa pauni 1,000, akajikuta anadaiwa pauni 1,500, ingawa hakuongeza kukopa hata rupia moja, huku kahawa yake ikiuzwa London kwa pauni zile zile. Basi mzigo ule ulikwenda wapi? Mwaka 1921 walowezi walikata shauri kupunguza mishahara ya wafanyakazi Waafrika kwa thuluthi moja, na kilio kilichotokana na jambo hilo kilikuwa miongoni mwa sababu zilizomwinua Harry Thuku, mtetezi wa wafanyakazi hao, hapa Nairobi. Hasara iliyozaliwa katika soko la sarafu ilishuka ngazi kwa ngazi hata ikamkalia mtu ambaye hakuwa na wa kumtwika.

Karne moja baadaye mambo yalijirudia kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 123 au karibu na hapo. Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Fauka ya bei hiyo, dola zenyewe zilikuwa adimu, hata wenye viwanda wakalalamika kwamba benki huwagawia kidogo kidogo. Tuchukue mfano wa kiwanda kilichoagiza mafuta mabichi ya dola milioni moja: kwa kipimo cha kwanza deni ni shilingi milioni 123, na kwa cha pili milioni 160. Milioni 37 zimetoweka bila ya tone moja la mafuta kumwagika.

Je, mweka hazina afanyeje? Njia ya kwanza ni kulinganisha sarafu za mapato na za matumizi. Majani ya chai huuzwa katika mnada wa Mombasa kwa dola, kwa hiyo mwuza chai akopapo kwa dola halali macho. Lakini mwenye kuuza mafuta Kibera kwa shilingi, akikopa kwa dola kwa kuvutiwa na riba nafuu, amejitia kitanzi. Njia ya pili ni kufunga mkataba na benki leo, ya kwamba baada ya siku 90 atanunua dola kadhaa kwa bei iliyokwisha kutajwa, lolote litakalotokea. Bei hiyo huwa juu ya ile ya leo, kwa sababu riba ya shilingi huipita riba ya dola. Na hiyo ndiyo ada ya utulivu.

Lakini utulivu nao una mtego wake. Serikali ilikuwa na deni la dola bilioni 2, lililokopwa 2014, lililotakiwa kulipwa Juni 2024, na wengi walihofu kwamba halitalipika. Februari 2024 ikauza hati mpya za mkopo za dola bilioni 1.5 kwa riba iliyokaribia asilimia 10, hofu ikapoa, na kufikia Aprili dola ilikuwa imeteremka karibu na shilingi 130. Aliyejifunga Januari, kwa taharuki, kununua dola zake zote kwa 160, alilazimika kutimiza mkataba huku majirani zake wakinunua kwa 130. Kwa sababu hiyo mweka hazina mwenye hadhari hukinga sehemu tu ya mahitaji yake, naye hufanya hivyo kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, kwa kanuni iliyoandikwa na kupitishwa na wakurugenzi wakati akili zimetulia.

Shirika la ndege la Kenya Airways ni shahidi wa pande zote mbili. Mwaka 2008, pipa la mafuta lilipokaribia dola 147 mwezi wa Julai kisha likaanguka chini ya 40 mwezi wa Disemba, mikataba ambayo shirika lilikuwa limefunga ili kujikinga na bei kubwa ndiyo iliyolitia hasarani katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2009. Mwaka 2023 likapigwa upande wa pili: safari zake zilileta faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5, lakini kwa kuwa madeni yake mengi yalikuwa ya dola, kuanguka kwa shilingi kulichangia pakubwa kuugeuza mwaka ule kuwa wa hasara ya bilioni 22.7. Mwaka uliofuata shilingi ikapata nguvu, na shirika likatangaza faida ya bilioni 5.4.

Kuna pia hatari ya mahali fedha zilipowekwa. Imperial Bank ilipofungwa Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016, kampuni zilizokuwa zimeweka amana zao zote humo ziliamka hazina pa kutoa hata mishahara. Na bima ya amana wakati huo ilifika shilingi 100,000 tu, kiasi kisichomfaa kitu mwenye mamilioni. Tangu hapo waweka hazina wengi hutawanya akiba katika benki kadhaa, na nyingine wakaikopesha serikali kwa hati za siku 91, ambazo katika nusu ya kwanza ya 2024 zililipa riba ya karibu asilimia 16. Upande wa mkopaji mambo yalikuwa kinyume: Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13 mwezi wa Februari 2024, na haikuanza kuishusha illa Agosti.

Katika haya yote, jambo moja halina budi kusemwa waziwazi: hatari haifi, huhama. Machi 2023 serikali iliafikiana na makampuni ya mafuta ya Saudia na ya Falme za Kiarabu kwamba petroli italetwa kwa mkopo wa miezi sita. Dola hazikutakiwa papo hapo, na soko likapumua. Lakini deni lilibaki, na thamani yake kwa shilingi ikazidi kukua. Bei ya lita ya petroli Nairobi ilipita shilingi 217 Oktoba 2023, ikarudi hadi 193 na kitu Aprili 2024. Aliyelipa tofauti ile ni abiria wa matatu.

Na huko Kambi Muru ufundi huu haukosekani. Wakala wa M-Pesa hugawa rasilmali yake kati ya noti na floti, yaani fedha za simuni, akijua kwamba wateja wakija kutoa, noti humwishia, na wakija kuweka, floti humwishia; akikosea makadirio ya siku za mishahara na kodi ya nyumba, humrudisha mteja kwa jirani. Hilo ni suala la ukwasi, yaani kuwa na fedha mkononi zinapotakiwa, lile lile la kampuni kubwa. Lakini benki haiwezi kumfungia mama wa mafuta ya kupima mkataba wa siku 90, wala yeye hana mteja wa kumpandishia bei isipokuwa mlo wa watoto wake. Basi mweka hazina wa kampuni na apimwe kwa mizani mbili: kwanza, kama aliiokoa kampuni yake, pili, kama bei aliyoipandisha kwa haraka dola ilipopanda, aliishusha kwa haraka iyo hiyo dola iliposhuka. Mizani ya kwanza wenye hisa huisoma kila mwaka katika ripoti. Ya pili yafaa wanunuzi, vyama vyao na magazeti waanze kuidai nayo iandikwe.